Kinanda, Kompyuta na Hatua za Bibi Arusi

Okestra ya Goma ilikubali kupiga kwenye harusi ya dada yangu mdogo, kisha ikakumbuka kwamba usiku huohuo ina kazi ya baa kwao, ng'ambo ya mpaka, na mpaka unafungwa saa kumi na mbili jioni. Wangeondoka kabla bibi arusi hajaingia. Nikamwambia dada nitaleta okestra isiyovuka mpaka.

"Iko wapi hiyo, yaya?" akauliza; ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake.

"Iko kwa secrétariat."

Binamu yangu, aliyerudi kutoka Uganda, alikuwa akiwachapia watu barua kwa kompyuta kwenye kibanda hicho karibu na soko. Ndani yake kulikuwa na programu: unaiandikia wimbo kwa herufi, nayo inapiga besi, gitaa na ngoma. Ila sauti yake ilikuwa ya mbu ndani ya kopo, kwa hiyo tulitaka ipigie kwenye kinanda changu cha umeme. Kilikuwa na vibonye sitini na kimoja. Nilivihesabu kabla ya kukinunua, na tena baada ya kukivusha mpaka.

Nyuma ya kinanda kulikuwa na matundu IN, OUT na THRU. Waya wa kompyuta ulikuwa na vichwa viwili, IN na OUT. Nikavioanisha kama soksi za mitumba: IN kwa IN, OUT kwa OUT.

"Sha, haiko na sauti," binamu akasema. "Walikuuzia sanduku."

"Nilikijaribu mara mbili."

Mama mmoja wa Bugeshi, muuza viazi aliyekuwa akingojea barua yake, akainama kutazama. "We, kwa barrière, pale mpakani, mutu anatoka huku, anaingia kule. Nyinyi mumemutoa pande zote mbili. Ataingia wapi?"

Tukabadilisha. Besi ikaja. Ngoma nazo zikaja, lakini kwa sauti ya piano, kama mbuzi amepanda juu ya vibonye. Binamu akahangaika na chaneli ya kumi, iliyo ya ngoma, mpaka zikawa ngoma.

Programu ile, kabla ya kuanza wimbo, ilihesabu moja mpaka nne, halafu ikarudia. Nikaona tumelelewa nyumba moja.

Kilichobaki ni urefu wa wimbo. Nilipima ukumbi kwa miguu, toka mlangoni hadi kiti cha bibi arusi: hatua thelathini na nane. Nikarudia. Thelathini na nane. Binamu akatega wimbo, pigo moja kwa kila hatua, uishe hapo kwa ngoma kubwa.

Jumamosi dada akaingia kama wanavyoingia mabibi arusi wetu: anaweka mguu, anaupumzisha, anaufikiria wa pili. Mimi nilikuwa nimehesabu hatua za mtu anayewahi mpaka kabla haujafungwa. Akiwa katikati ya ukumbi, ngoma kubwa ikalia. Wimbo ukaisha.

Uso wa dada ulikuwa chini, midomo haikutikisika. "Yaya. Rudisha."

Nikabonyeza. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Dada alisimama akingoja hesabu zote nane, kama mtu aliyezoea familia yetu, kisha akaendelea hadi kitini.

Baadaye mjomba wa bwana arusi, mtu wa Goma, akaniuliza kwa heshima: "Bon, kwenu bibi arusi munamusimamisha katikati?"

"Ndiyo, baba. Tunamuhesabu."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akaitikia kwa kichwa, akaona ni haki.