Chujio Chini ya Benchi

Juzi nilipeleka baiskeli kwa fundi wa kuchomelea pale Kanyenye. Nikamkuta na mgeni, dada mtafiti mwenye dodoso nene, amekuja kuuliza mafundi wa Tabora hujifunzaje kubuni vitu kama mashine ya kukamua asali aliyoiunda fundi huyo.

"Baba, ujuzi huu uliupata taasisi gani?"

"Kwa jirani," fundi akajibu, akielekeza kidevu ng'ambo ya barabara. "Naye huja kuchungulia kwangu."

Dada alitafuta kisanduku cha jirani, hakukiona. Akaweka tiki kwenye "Nyinginezo".

"Wenzako walishakuja, wakaandika. Yakaishia wapi?" fundi akauliza.

"Kwenye ripoti, baba."

Fundi akaguna. Akamwonyesha mashine, dada akaichora yote, akaaga. Hapo fundi akavuta chujio la bati kutoka chini ya benchi, akalirudisha ndani ya mashine.

"Umemficha," nikasema.

"Bila hili, nta inaziba bomba. Akirudi kulalamika, nitajua kuna mtu ameiunda kwa mchoro huo akaijaribu, na nitampa. Hata wale wa kwanza niliwaficha hilihili."

"Walirudi?"

Alitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati langu, nami nikaanza kumweleza habari za baiskeli kabla hajaniuliza makala zangu za gazetini huishia wapi.