Njiwa Wangu na Panya wa Chumba cha Mkwe

Panya aliwala makinda wawili wa njiwa wangu, akabakiza miguu. Miguu myekundu, myembamba kama njiti za kiberiti. Nimezaa, nimezika, lakini asubuhi ile nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Kisha nikafuta kamasi kwa pindo la kanga, nikasema: hawa panya na mimi, mmoja wetu atahama nyumba hii. Na mimi sihami.

Njiwa hao aliniletea mjukuu wangu, yule anayesomea uuguzi, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa gauni jeupe la hospitali. Mtanivumilia nikimtaja, nina haki. Nilipotolewa kijijini Samuye kuja kukaa na binti yangu hapa mjini Kalangalala, aliona nitakosa wa kuongea naye mchana, mama yake akiwa dukani na baba yake akiwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akaniletea dume na jike, weupe. Mtu akiniambia hao ni mboga, namkazia macho mpaka aone aibu.

Jike akataga tena, mayai mawili. Safari hii nilijipanga. Tundu nikalitoa chini, nikalining'iniza koridoni. Wavu wa kuku wenye matundu mapana nikautupa, nikaweka ule wa kuchekechea, hata kidole changu cha mwisho hakipiti. Mtama nikaufungia kwenye ndoo yenye mfuniko, na punje zilizodondoka nazifagia kabla jua halijazama. Bado kila asubuhi nakuta mavi ya panya juu ya tundu, na kamba zilizoshika wavu zimetafunwa.

Nikamwaga majivu koridoni. Kulipokucha nyayo zao zilionekana wazi kama maandishi. Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, lakini hizo nilizisoma vizuri: zilitoka chini ya mlango wa chumba cha mkwe wangu.

Hapo nikakwama. Kwetu mama mkwe haingii chumba cha mkwe wake. Hata kupishana naye mahali pembamba haifai. Tunasalimiana kwa mbali, yeye akiinamisha macho, mimi nikitazama pembeni. Basi nikaongea na njiwa, kwa sauti, mkwe akinywa chai sebuleni.

"Njiwa wangu, kuna mtu ana magunia ya karanga chini ya kitanda. Anafuga panya wanaokula watoto wenu."

Naye akaongea na njiwa. "Njiwa, mwambieni Mama chumbani kwangu hakuna panya. Hizo karanga nasubiri zipande bei."

"Njiwa, mmesikia? Zitapanda bei zikiwa tumboni mwa panya!"

Binti yangu alisimama katikati na chupa ya chai, anacheka mpaka anatetemeka. "Jamani, mimi nipo, si mniambie mimi?"

Mkwe akasema atazitoa Jumapili. Jumapili ikapita, akaitaja nyingine. Lakini mayai hayasubiri Jumapili ya mtu. Nilipoweka moja sikioni, nikasikia kinda anagonga ndani.

Asubuhi iliyofuata nikachukua kigoda, nikakaa koridoni mbele ya mlango wake, tundu mapajani. Koridoni kwenyewe, watu wawili wakipishana wanagusana. Mlango ukafunguka, ukafungwa haraka.

"Mke wangu! Mwambie Mama asogee, nachelewa kazini."

"Njiwa, mwambieni tutasogea magunia yakisogea."

"Mama, jamani," binti yangu akasema, "mwenzio anataka kwenda chooni!"

"Ng'wanone, mwanangu, sijamfungia mtu. Mlango si huo?"

Halafu nikasikia kitanda kinaburutwa. "Natoa! Natoa sasa hivi!"

Nikatoka uani, nikawapa mgongo, mimi na njiwa wangu. Magunia yakaletwa, yakapinduliwa, panya wakaruka kila upande na binti yangu nyuma yao na ufagio. Kwenye gunia la mwisho kulikuwa na kiota kizima, kimetengenezwa kwa vipande vya kitambaa cheusi.

"Suruali yangu ya kanisani!" mkwe akapiga kelele. Wala hakuwaambia njiwa.

Hakwenda karasha siku hiyo. Alileta saruji, akaichanganya na chupa zilizosagwa, akaziba kila tundu kuanzia chumbani hadi jikoni. Mimi nilimwekea maji mlangoni, nikaondoka, akayachukua. Karanga zikahamia dukani, kwenye pipa la bati. Niliendelea kumwaga majivu. Asubuhi moja safi, ya pili safi.

Makinda wakatoka, wote wawili, vipofu, wana vinyweleo vya njano, sura mbaya kuliko panya wenyewe. Jioni mkwe alirudi akanikuta nimesimama kwenye tundu. Akasimama mbali, kofia mkononi, anarefusha shingo na haoni kitu. Nikarudi nyuma mpaka mlango wa jikoni, nikageukia ukuta, nikamwachia nafasi aje atazame.