Marehemu Kumi na Mmoja wa Phelister

Mimi nauza nguo za watoto sokoni Gikomba na sipendi kudanganywa, hasa na namba. Sasa, pale kliniki ya mtaa wetu wakabandika jedwali. Bloki C: watoto waliochanjwa tisini na sita kwa mia, vifo kumi na kimoja kwa mwaka. Bloki F: waliochanjwa sitini kwa mia, vifo vitatu. Wueh! Nikambeba Kaluki wangu wa miezi tisa, nikarudi naye nyumbani bila sindano ya surua. Na surua ilikuwa imeshaingia mtaani.

Aliyekusanya hesabu za Bloki C ni jirani yangu Phelister, mamake Sylvance, mhudumu wa afya anayebisha kila mlango na daftari kwapani. Nilimwendea nikiwa nimefura.

"Mama Sylvance, chanjo yenu inaua watu, na ni wewe umeandika!"

Hakukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. "Mama Kaluki, hata mimi hiyo namba imeninyima amani. Nipe siku mbili. Mtoto usimtoe nje."

Siku mbili! Kaluki akipiga chafya tu, roho yangu inaruka. Phelister naye akarudi kwenye milango ileile na swali moja ambalo hakuwa ameuliza mwanzo: marehemu alikuwa akiishi wapi?

Siku ya pili akaja kwangu akihema, hata chai hakungoja. Huku kwetu mtu akifiwa ushago, yaani kijijini kwao, mkutano wa matanga hufanyika hapahapa plotini. Tunaimba, tunaomba, kisha wenye msiba wanapanda basi. Bloki C wamejaa watu wa kutoka upande wa ziwani, na kwa kila mkutano Phelister aliandika kifo. Babu wa Siaya, shangazi wa Homa Bay, wote wakawa wakazi wa Bloki C! Waliokuwa wakiishi hapa kweli ni wawili: mzee wa miaka themanini na moja, na dereva aliyegongwa na lori. Mtoto hakuwemo hata mmoja. Lakini kati ya wale watatu wa Bloki F, wawili walikuwa watoto waliokufa kwa surua, na hawakuwa wamechanjwa.

"Namba ni ndogo, siwezi kuapa nazo," akasema. "Lakini hapa sindano haijaua mtu."

"Ai, na ulikoseaje hivyo, mtu mzima?"

Akanifungulia daftari. Jina la kwanza lilikuwa la mamake, aliyefia ushago. "Matanga yake yalifanyika kwangu. Ningemwachaje nje?"

Kesho yake asubuhi tulienda kliniki pamoja. Kaluki alipodungwa alilia foleni nzima ikageuka, nami nikacheka huku machozi yakinitoka, maana mzigo ulikuwa umenitoka kifuani.

Phelister akaketi kwenye benchi kusahihisha orodha yake. Majina manane ya ushago aliyakata kwa kalamu. La mamake alilikata kwa penseli, polepole. Kisha akafungua ukurasa wa waliochanjwa, akamwandika mwanangu.