Gololi Kumi na Mbili

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi sijapata kuizoea tena. Mwezi uliopita nilitoka kazini Raskazone, hapa Tanga, nikapitia Makorora kumpelekea kaka yangu mkate wa kumimina, na kabla sijafika kibarazani kwake harufu ile ikanikuta njiani. Nikasimama katikati ya barabara. Kijana wa bodaboda nyuma yangu akapiga honi, akaniuliza kama nimeota mizizi. Nikampisha tu, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuliacha neno lipite bure.

Kaka yangu Sefu ni fundi baiskeli, kama alivyokuwa marehemu baba yetu, na kibaraza ni kilekile. Siku hiyo alikuwa ananyoosha rimu. Pembeni yake vijana wanne walikuwa wameinamia simu moja, wanatazama makombora ya mataifa makubwa yakipaa. Mmoja alishangilia Urusi, mwingine Marekani, wa tatu akawaambia wote wawili wasubiri China iamke vizuri, ndipo watakapojua. Walibishana kwa furaha kabisa, kama watu wanaobishania mpira. Nilivuta kigoda nikakaa kushoto kwa Sefu, ninapokaa siku zote. Kijana mmoja akainua uso. "Dada, shikamoo. Hebu tuambie, wewe uko upande gani?"

Nikamwambia mie sina upande. Nilimdanganya. Kuna wakati nilikuwa na pande zote mbili, na hilo ndilo ninalotaka kuwaambia nyie mnaosoma, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita sikumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi, Sefu kumi na mitatu. Kila alasiri, watu wakishatoka msikitini, kibaraza cha Baba kilijaa wanaume. Walikuja na baiskeli zisizo na ubovu wowote, wakimwomba Baba azitazame, kumbe walichofuata ni redio yake iliyoning'inia kwenye msumari. Muuza kahawa naye alijua saa ya taarifa ya habari kuliko mtangazaji. Ng'ambo huko kulikuwa na vita, maana huwa havikosekani, na wanaume wale waliokuwa hawajafika hata Morogoro walizipanga manowari za wakubwa baharini wakazipangua, wakahesabu ndege, wakagombana mpaka vikombe vikamwagika. Sisi watoto tulisikiliza huku tunajifanya tunacheza.

Basi mtaa wetu nao ukagawanyika. Mfereji wa maji machafu ulipita katikati, na mfereji huo ndio ukawa mpaka. Sefu alitaka upande wetu uwe Urusi. Omari, mkuu wa upande wa pili, naye alitaka Urusi. Wakarusha kandambili juu, ikaanguka kifudifudi, sisi tukawa Marekani. Sefu alinuna siku nzima.

Silaha zilikuwa manati. Panda tulikata kwenye mipera, ngozi tulitoa kwenye viatu vilivyokufa, na mipira ilikuwa tyubu za baiskeli kutoka kwa Baba. Mimi ndiye niliyezikata. Msichana sikuruhusiwa kupigana, lakini bila mkasi wangu pasingekuwa na jeshi, na nililijua hilo nikatembea mtaani nimejaa maringo. Tulipigana kwa mbegu za mwarobaini, ambazo ziliuma kidogo na kuacha alama nyekundu. Kulikuwa hata na mkataba, umeandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu: hakuna mawe, hakuna kupiga usoni, na kila Ijumaa baada ya chuo cha Kurani mkuu wa kila upande anapekuliwa mifuko na mwenzake. Msicheke. Walipekuana kweli, wakanusiana na mikono.

Rafiki yangu wa damu alikuwa Zuhura, mdogo wake Omari. Mfereji haukututenga sisi. Tulisuka ukili wa mikeka pamoja kwa bibi yake, tukala ugali wa sahani moja, na tukawasema kaka zetu kwa ujinga wao.

Mambo yaliharibika kwa neno. Sijui nani alilianzisha, lakini upande wetu ikasemekana kwamba kina Omari wana gololi za chuma, zile za kwenye ekseli ya baiskeli. Hawakuwa nazo. Zingetoka wapi, na duka la gololi lilikuwa mkebe wa Baba? Mkebe wenyewe ulikuwa wa maziwa ya unga, umejaa gololi zilizolala ndani ya grisi, na Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuziosha kwa mafuta ya taa na kutenga zilizoliwa. Nilijua hakuna mtu mwingine aliyegusa mkebe ule. Lakini Sefu alinijia jioni, uso umemsawajika, akasema, "Mishi, wenzetu wanazo. Sisi tuna mbegu. Watatutoboa." Kaka yangu mkubwa ananiomba mimi! Nikampa kumi na mbili, nimezifunga kwenye kitambaa.

Kesho yake moyo ukaanza kunisuta. Nilimwambia Zuhura, kwa kuwa sikuwahi kumficha kitu, na Zuhura akaangua kilio. "Mtamuua kaka yangu nyie," akasema.

Alasiri nikakaa karibu na Mzee Kombo. Alikuwa Mpemba aliyezeeka Tanga, zamani mpishi wa meli, na pale kibarazani akitamba kwamba amefika bandari za wakubwa wote. Sikumwambia habari za mtaani. Nilimwuliza tu, eti babu, mbona hawa wa redioni wana mabomu ya kumaliza dunia na hawapigani wao kwa wao? Akafurahi kuulizwa. Akakiweka kikombe chini.

"Hawathubutu, mjukuu wangu. Huyu anajua mwenziwe analo, na yule anajua mwenziwe analo. Basi kila mtu hukaa kwa adabu. Vita huja pale mmoja analo na mwenziwe hana. Wape wote sawasawa, uone kama atapigwa mtu."

Wape wote sawasawa. Nilihisi nimefunguliwa dirisha. Siku iliyofuata, Baba alipokwenda kuswali, nikatia mkono kwenye mkebe, nikahesabu kumi na mbili, si zaidi wala si pungufu, nikazifunga kwenye kitambaa cha aina ileile na kumpelekea Zuhura. "Mpe Omari. Mwambie sasa mko sawa." Usiku ule nililala usingizi mzuri. Naona aibu kuwaambia, lakini nilijiona nimeuokoa mtaa mzima.

Ikapita wiki ya amani ambayo haikuwa na raha. Mkataba ulikufa wenyewe, kwa kuwa Ijumaa hakuna aliyekubali kupekuliwa. Wavulana walivuka mfereji kwa kuzunguka mbali. Hata kwenda dukani kununua chumvi walikwenda wawili wawili. Nikawa nawatazama, najisemea, ndiyo adabu yenyewe hiyo.

Jumapili mpira wetu uliangukia ng'ambo ya mfereji. Sefu alikwenda kuufuata. Omari alikuwa amesimama kando ya ukuta wa kwao, na Sefu, kwa kujihami tu, akatoa manati mfukoni akaivuta kidogo. Ndani ya ngozi mlikuwa na mbegu ya mwarobaini. Niliiona mbegu yenyewe ikidondoka baadaye, mbichi, ya kijani. Lakini Omari, kwa kinywa cha Zuhura, aliyajua ya gololi zetu, na hakusubiri. Alivuta yake akaachia.

Sauti haikuwa kubwa. Sefu alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, akaweka kiganja kwenye jicho la kushoto. Akaniita mimi, si Mama. Nilipouondoa mkono wake niliona kitu ambacho sitawaandikia. Omari alikuwa bado amesimama palepale, manati inaning'inia, anarudia, "Alitaka kunipiga, wallahi alitaka kunipiga," mpaka mama yake akaja akamnyamazisha kwa kofi.

Walimpeleka hospitali, kisha Moshi kwa daktari mkubwa wa macho, na jicho halikupona. Baba aliiokota ile gololi pale kwenye mchanga, akaipangusa kwa kidole gumba, akaijua. Fundi huijua gololi yake. Akaitia mfukoni. Sefu aliporudi kutoka Moshi, kichwa kimefungwa bandeji, Baba alimkalisha kitandani akamwuliza swali moja tu: nani aliyetoa gololi mkebeni? Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji.

"Mimi," Sefu akasema.

Baba akainamisha kichwa. Hakumpiga, na ingekuwa afadhali angempiga. Alisema, "Basi umejitoboa mwenyewe," akatoka. Tangu siku hiyo mkebe ulifungiwa kabatini, na Baba akafa akiamini kwamba mwanawe alimwibia, kwamba gololi alizopiga Sefu ndizo Omari alizoziokota na kumrudishia. Wazee wa pande mbili walikutana, wakasameheana, wakasoma Fatiha. Mzee Kombo alileta halua, akasema ni mipango ya Mungu. Omari alipelekwa Pangani kwa mjomba wake, na hata leo akija mjini hupita barabara nyingine. Zuhura hakunitaja, akaolewa Mombasa na siri yetu. Redio ilizimwa siku tatu. Siku ya nne ilirudi kwenye msumari, na manowari zikaanza kupangwa upya.

Mimi nilinyamaza. Nilisoma, nikapata kazi, nikajifunza kukaa kushoto kwa kaka yangu, upande asioona, nisitazamwe.

Sasa siku ile ya mwezi uliopita, vijana wa simu waliondoka adhana ya alasiri ilipolia, tukabaki wawili. Nilimmenyea machungwa. Nikajua kwamba nisiposema leo nitamzika au atanizika nalo.

"Sefu. Zile gololi za kina Omari nilizipeleka mimi."

Hakuacha kuzungusha rimu. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa chini pale. Nani mwingine alikuwa na mkono kwenye ule mkebe?"

Nikamwuliza mbona basi alijitwisha mzigo mbele ya Baba. Akanyanyua bega. "Ulikuwa mdogo. Na mie jicho lilikuwa limeshakwenda, sote wawili tulie kwa faida gani?"

Nikaanza kujieleza. Nilimwambia habari za Mzee Kombo na za kuwapa wote sawasawa, kwamba sikuwa na nia mbaya, upande wake ulikuwa nazo kumi na mbili na kina Omari nikawapa kumi na mbili, nilitaka waogopane tu asipigwe mtu. Hapo ndipo rimu iliposimama.

"Sisi hatukuwa nazo, Mishi."

Nikamwambia nilimpa kwa mkono wangu.

"Ulinipa. Nikaenda kuijaribu moja kwenye mpera nyuma ya choo. Iliingia kwenye gome mpaka nikaichokoa kwa kisu. Nikaogopa. Nikasema hii ikimpata mtoto wa watu je? Asubuhi yake, kabla hujaamka, nikazirudisha zote mkebeni. Wenzangu niliwaambia nimezificha, kwa maana mkuu wa jeshi anasemaje kwamba ameogopa?"

Alitamka maneno hayo bila hasira, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilibaki na chungwa mkononi. Nilitia mkono mkebeni siku iliyofuata. Zile nilizozihesabu kwa makini yote, si zaidi wala si pungufu, zilikuwa juu juu kwenye grisi, kwa kuwa kaka yangu alikuwa amezirudisha jana yake. Hapakuwa na kumi na mbili huku na kumi na mbili kule. Zilikuwa kumi na mbili basi. Yeye aliziweka chini kwa kumwonea huruma Omari, na mimi nikaziokota nikampelekea Omari.

Nimesoma magazeti mengi tangu utoto ule. Nimesikia wataalamu wakieleza kwa tai na suti kwamba mataifa makubwa yanalinda amani kwa kulingana nguvu, kila mmoja akihesabu ya mwenzake. Labda wanajua. Mie kila nikiwasikia huwaza mvulana wa miaka kumi na mitatu anayenyata alfajiri kurudisha gololi mkebeni, akaona haya kumwambia mtu. Laiti angesema. Laiti mimi ningeuliza. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, kitanda chake na changu havikuachana hatua mbili.

Nililia, na nililia vibaya, kwa sauti, mtu mzima na mkoba wa ofisini mapajani. Nilijaribu kuficha uso kwa ushungi kama nilivyozoea, huku nimekaa pale kushoto kwake ambako kwa miaka yote nilijua siwezi kutazamwa. Sefu aliiegemeza rimu ukutani. Akapangusa mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasogeza kigoda kingine kwa mguu, akakiweka kulia kwake.

"Hamia huku, Mishi," akasema. "Huko sikuoni."