Nyekundu Inayokonyeza

Mazishi yalikuwa saa tisa, na hadi saa nne jeneza la Fundi Workneh lilikuwa bado mbao tupu sakafuni. Shibeshi, aliyefundishwa useremala na marehemu huyo, alikuwa amepiga magoti mbele ya chaja, akiitazama taa nyekundu ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, kama inayomkebehi.

Mkono wake wa kulia ulivunjika miaka sita nyuma, ukaungwa ovyo. Bisibisi hauiwezi, nyundo ndiyo kabisa. Bila drili ya betri yeye si seremala, ni mtazamaji wa mbao. Na alikuwa amemwahidi mzee Workneh, akiwa hoi kitandani, kwamba hatazikwa ndani ya sanduku la dukani.

Baridi ya Debre Berhan, huku nyanda za juu za Ethiopia, haina mzaha, na betri ikiganda haishiki chaji. Kila asubuhi Shibeshi huipasha kidogo kando ya jiko la kahawa. Ila leo majirani walikuja kumpa pole. Mkewe Yeshimebet akawachemshia kahawa mizunguko yote mitatu ya desturi, na betri ikasahaulika pale pale kando ya makaa.

Alijaribu soketi kwa redio, redio ikaimba. Akasugua vyuma vya chaja kwa kitambaa chenye pombe kali. Bado taa ilikonyeza.

"Betri imekufa," alisema. "Imemfuata aliyenipa."

Mzee Lemma wa chama cha mazishi alichungulia mlangoni. "Shibeshi mwanangu, tukanunue la dukani. Maiti haitungoji."

"Nipe saa moja, baba."

"Hiyo saa moja uliniomba tangu saa mbili!"

"Mpe tu, Mzee Lemma," Yeshimebet akadakia. "Akishindwa leo, huyu hatakuwa mtu tena."

Shibeshi alikuwa analia waziwazi. Akainyakua chaja aipasue, aone ugonjwa wake. Alipoigeuza akakuta maandishi ya kalamu nene chini yake, mwandiko wa marehemu mzee wake, aliyempa chaja hiyo mkono ulipovunjika:

*Nyekundu tuli, inakula. Kijani, imeshiba. Rangi mbili kwa zamu, imekufa, tupa. Nyekundu ikikonyeza, umeichoma, mjinga wewe. Ipoze.*

Miaka sita hakuwahi kuigeuza. Ya nini? Kila ilipomsumbua alimpigia simu mzee, akatukanwa kwanza ndipo akaelekezwa.

Akakimbia na betri uani, akaiweka kwenye upepo, akasimama kando yake akiilinda. Baada ya nusu saa akaichomeka. Taa ikawaka, ikatulia.

Saa nane kasoro skurubu ya mwisho ilizama. Mkono wake mbovu ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoa simu ampigie mzee, amwambie imekubali. Alikuwa ameshalibonyeza jina alipokumbuka ameegemea jeneza la nani.