Dakika ya Kumi na Mbili

Miaka thelathini na moja nimesoma mita za maji, na kama kuna kitu ninachokijua vizuri, ni watu kunyamaza. Napiga hodi, ndani wanacheka, sahani zinagongana, redio inaimba. Wakishaona koti la kaki na ubao wenye karatasi, basi. Redio inazimwa, utadhani nimeleta habari za msiba. Nazunguka nyuma ya nyumba, nafunua kifuniko cha chuma kwa ndoano yangu, nafukuza mende, nasoma namba, naandika, naaga. Nikifika getini ndipo nasikia kicheko kimerudi. Sikuwahi kuwachukia, kazi ni kazi. Nyumbani nilikuwa na mtu ambaye hakunyamaza nikiingia.

Huyo alikuwa mke wangu, na kelele zake jamani! Alifua akiimba, akapiga deki akiimba, akanigombeza kwa sauti ileile ya kuimbia. Siku moja akaja na tiketi mbili za bendi ya roki, wale wa nywele timutimu na magitaa ya umeme.

"Leo unavaa shati la maua," akasema. "Utake usitake."

"Mimi na magitaa wapi na wapi?"

"Usiniletee uzee hapa. Vaa twende."

Tukaenda. Ilikuwa saa kumi alasiri lakini madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi. Jamaa mmoja alichanganya mafuta na rangi kwenye bakuli la kioo, akamulika kwa taa kali, na ukuta mzima ukawa unachemka nyekundu na kijani. Gitaa lililia mpaka meno yakanitetema. Nikajisemea, mama huyu ananitafutia maradhi. Kisha ukaja wimbo ambao mashabiki wanauita Ule Mrefu. Ulianza vizuri, halafu ngoma ikashika njia yake, besi yake, gitaa lake, dakika baada ya dakika, nikaona hawa wameshapotea, hawarudi tena. Nilipokata tamaa kabisa, vyombo vyote vikanyamaza, kikabaki kinanda peke yake kinapiga tuni fupi, ya kitoto hasa, kama ya kulazia mtoto. Mke wangu akanishika mkono.

"Umeona?" akasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Wamerudi."

Mwaka mzima aliiimba puani ile tuni akiosha vyombo. Kisha akaugua, wiki tatu tu, akaondoka. Siku moja baada ya wageni wa msiba kutawanyika nilisimama mbele ya karai nikataka kuiimba, nayo haikuja. Nilikumbuka pete yake ikigonga sahani. Nilikumbuka povu kwenye kiwiko. Tuni, hakuna. Niliogopa, nasema kweli. Niliona nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa uzembe wangu mwenyewe.

Bendi haikuwahi kuurekodi Ule Mrefu. Walisema wimbo ule ni wa jukwaani tu. Basi dawa ilikuwa moja: kuwafuata. Kila walipoanza ziara nikachukua likizo, na nilipostaafu nikawafuata mji kwa mji. Miaka sita. Vyumba vya gesti navijua kama mita: kitanda cha futi tatu na nusu, kandambili zisizofanana, sabuni ya kipande, dirisha linalotazama ukuta. Ukiamka hakuna wa kumwambia umeota nini.

Dada yangu alikuwa akinipigia simu. "Kaka, wenzako wa umri huo wanafuga kuku."

"Kuku hawapigi kinanda."

"Utakufia gesti, watu wasijue wamwite nani."

Nikamkatia simu. Alinichoma kwa sababu nilikuwa nimeshaliwaza hilo mwenyewe.

Shati la maua sikulivaa tena. Nilivaa koti langu la kaki, maana ndilo lenye mifuko ya kalamu, nikasimama mbele kabisa upande wa kushoto, ubao kifuani, jicho kwenye saa. Niliandika kila wimbo na dakika zake. Nilidhani nikishajua mpangilio wao, nitajua ni lini wataupiga mzima. Loh! Wanaanza Ule Mrefu, wanafika pale kila mtu anaposhika njia yake, mpiga gitaa anatupa jicho kwa wenzake, anainua shingo ya gitaa, wamekata. Dakika kumi na moja. Maonyesho arobaini na matatu nimeandika hivyohivyo, dakika kumi na moja.

Na kwenye foleni ya mji unaofuata mashabiki wananikata maini. "Mzee, ulikosa juzi! Dakika thelathini na nne!" Kila nilipokosa kwenda ndipo walipoupiga mzima. Nikaanza kuamini nina nuksi.

Siku moja basi nililopanda lilipasuka gurudumu, nikafika ukumbini nimechelewa. Nikiwa bado getini niliusikia Ule Mrefu umeshaanza. Nikatazama saa kwa mazoea, nikahesabu kutoka pale ninapopajua. Dakika ya kumi na moja ikapita. Ikaja ya kumi na mbili. Hawakukata! Nikakimbia na magoti yangu haya mabovu, nikampita bila salamu mama wa tiketi, yule anayesafiri na bendi, nikapenya watu kwa viwiko mpaka mahali pangu mbele kushoto. Nikatoa ubao.

Mpiga gitaa aliniona. Akatupa jicho kwa wenzake, akainua shingo ya gitaa. Ukumbi ukanyamaza, na ukimya ule niliujua. Nimeingia nao kwenye nyumba za watu miaka thelathini na moja.

Walipomaliza onyesho nilijikaza nikaenda nyuma ya jukwaa. Nilikuwa nimepanga maneno: mke wangu, karai, tuni. Mpiga gitaa alipoona anakuja mzee wa koti, aliingiza mkono kwenye begi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mzee. Kibali hiki hapa, na muhuri upo. Muda hatujazidisha hata kidogo."

Miaka sita, na hayo ndiyo maneno ya kwanza bendi kuniambia. Nilitaka kusema. Lakini mkono ukafanya kile ulichozoea: ukapokea karatasi. Nikaisoma mpaka chini.

"Iko sawa," nikasema, nikamrudishia. Akashusha pumzi. Mimi nikaondoka zangu, kero imenijaa mpaka shingoni, kero ya mimi mwenyewe.

Mama wa tiketi alinikuta nimekaa ngazini. Nikamuuliza wananionaje mle ndani.

"Si wewe ndiye mzee wa ofisi ya vibali?" akasema. "Hawa waliwahi kufungiwa mwaka mzima kwa kupitiliza muda. Wakikuona na saa yako wanakatisha haraka. Wanakuita Dakika."

Nikamweleza yote, kuanzia shati la maua. Yule mama akajishika kiuno, akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Masikini baba wa watu! Ngoja niwaambie. Jumamosi ndilo onyesho la mwisho, wanaachana hawa, kila mtu kwao. Watakupigia wewe, mbele pale pale."

Nilifikiri. Nimewahi kuingia nyumba ambazo watu, kwa adabu, waliendelea na mazungumzo mbele yangu. Walizungumza kama wako mkutanoni. Mazungumzo yale si yao, ni yangu.

"Usiwaambie," nikasema. "Waupige kama sipo."

Jumamosi nilifika mapema. Ukumbi ulikuwa sinema ya zamani. Mama wa tiketi alinipa kreti la soda, nikaligeuza nikalikalia nyuma ya jengo, mgongo ukutani, kati ya mapipa ya taka na bomba linalovuja. Karibu na mguu wangu kulikuwa na kifuniko cha mita. Sikukifunua. Saa niliivua nikaitia mfukoni. Upweke niliokuwa nao pale sijapata kuuonja hata kule gesti: watu mia tatu upande wa pili wa matofali, wote wamekuja na wenzao, na furaha yao ilinitegemea mimi nikae nje.

Ule Mrefu ukaanza. Ukuta ulitetemeka mgongoni. Wakapita pale pa kukatia, wakaendelea, wakapotea, ngoma huku, gitaa kule, nami nikapotea nao, jua likazidi kuteremka juu ya mapipa. Kisha vyombo vyote vikanyamaza. Kinanda kikabaki peke yake.

Ndiyo yenyewe! Niliitambua kabla haijafika nusu, nikaanza kuifuata puani. Tukaenda sawa, mimi na kinanda, mpaka mwisho. Pale mwisho kinanda kikashuka, pua yangu ikapanda.

Nikashtuka. Nikarudia peke yangu, ikapanda tena. Haki ya Mungu, mke wangu alikuwa anaikosea! Mwaka mzima mbele ya lile karai, kwa ile sauti yake ya kugombezea, anapandisha pale pa kushuka, wala hana habari. Nilimsikia. Na pete kwenye sahani nikaisikia.

Ndani walipiga makofi muda mrefu. Mimi nilikaa kwenye kreti naikosea vilevile, mara ya tano, mara ya kumi, uso umelowa, mpaka mama wa tiketi alipotoka na fungu la funguo.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia," nikamwambia. "Lakini pale mwisho wameshusha. Pale panapanda."