Nilimwambia Wakili Ukweli Kuhusu Mchumba Wangu, Sasa Anataka Tufunge Ndoa Ijumaa

Asante kwa kunifichia jina, maana wanaotufahamu huku Maryland na Virginia ni wengi, na wengine wanasoma humu humu kila siku.

Mimi ni dada wa miaka 33, Mtanzania, naishi Springfield, Virginia. Nilikuja kusoma, nikabaki, na namshukuru Mungu makaratasi yangu ya kuishi Marekani yameshakamilika. Sina mume wala mtoto. Nilikuwa na mchumba Mkenya, nitamwita Mwangi ingawa silo jina lake. Harusi ilikuwa iwe kanisani mwezi wa kumi na mbili, na mama yangu kule Moshi alishaanza kugawa sare.

Tulikutana kazini, Rockville. Kazi yetu wengi hawaijui, niwaeleze kidogo. Kampuni moja ikidai nyingine imeiba uvumbuzi wake wa programu ya kompyuta, wanapelekana mahakamani. Mawakili hawajui kusoma code, yale maandishi yanayoiendesha programu, kwa hiyo wanatuajiri sisi tuisome na kusema kama kweli kuna kilichoibwa. Code ni siri ya mwenyewe. Unaisomea kwenye chumba maalumu, kompyuta haina intaneti, simu unaiacha mlangoni, na unatoka na kurasa chache tu zilizochapwa. Humo ndani ipo programu ya akili mnemba, yaani AI, iliyokubaliwa na pande zote mbili. Inatuonyesha pa kuangalia, lakini kusoma tunasoma wenyewe. Na sote tulimwahidi jaji kwa maandishi kwamba hakuna mstari hata mmoja utakaoingizwa kwenye AI ya nje.

Mwaka huu mama yake Mwangi aliugua, akalazwa Nakuru. Mwangi akachanganyikiwa. Alitaka amalize ripoti haraka apande ndege. Jumamosi moja mchana nilimpelekea chakula kwake, nikamkuta mezani, zile kurasa ziko pembeni, anazinakili kwenye laptop yake na kuiuliza AI, hii hii ya kawaida tunayotumia wote.

Nikamwambia, "Mwangi, unafanya nini? Si tumekatazwa?"

"Babe, wacha basi. Ni kurasa kidogo tu. Mum ako hospitali, unataka nifanye aje?"

Nililia. Nilimsihi Jumatatu aende mwenyewe kwa wakili akaeleze kabla hawajajua. Akanishika mkono akasema, "Sawa, nitaenda." Hakwenda. Na mimi sikumuuliza tena, maana kila nikimtazama nilimwona mtu anayeuguliwa na mama yake.

Ripoti ikafika kwa wakili. Mwangi alikuwa ameandika kwamba sehemu fulani ya ile code inafanya kilekile kinacholindwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi. AI ndiyo iliyomwambia hivyo. Kumbe ile sehemu iliachwa tu humo tangu zamani, programu haiitumii popote. Ukiisoma peke yake huwezi kujua hilo, mpaka uisome pamoja na zingine zote. Wakili wetu mkuu, mama mmoja mpole sana, akamuuliza amefikaje hapo. Mwangi akababaika. Kesho yake yule mama akatuita mmoja mmoja.

Akaniuliza, "Umewahi kumwona mtu yeyote wa timu hii akiingiza code kwenye AI ya nje? Utakachosema nakipeleka kwa jaji, na utakiapia."

Jamani, alinisogezea maji, nikanywa. Niliwaza harusi. Nikamwaza mama mkwe kitandani. Halafu nikasema, "Ndiyo. Nilimwona Mwangi."

Alifukuzwa siku ileile. Viza yake ni ya kazi, na kazi ikiisha, muda wa kukaa nchini nao unaanza kuyoyoma. Nilimfuata kwenye maegesho nimweleze, akanigeukia macho mekundu. "Si ungesema tu hukuona kitu? Neno moja tu! Mimi ningekufichia." Akaingia kwenye gari. Alivyofika kwake akaniblock.

Kilichonimaliza ni simu ya mama yake. Alinipigia akiwa bado hospitali, sauti imekwisha kabisa. "Mwanangu, hata kama alikosea, si ungenyamaza? Saa hii hata kuja kuniona hawezi, anaogopa akitoka huko hatarudi." Nilisema pole mama, pole mama, mpaka akakata.

Kanisani ndio usiseme. Wadada waliokuwa waniimbie harusini wakiniona wanashika simu zao.

Jumapili iliyopita Mwangi akaja kwangu bila taarifa. Amekonda. Nilimtengea chai, nikidhani hatimaye tutaongea. Akasema, "Nimekusamehe. Twende kotini Ijumaa tufunge ndoa, ya kanisa tutafanya baadaye. Nikipata makaratasi naenda kumwona mum."

"Na yaliyotokea?"

"Hayo tusiyaongelee tena. Kabisa."

Nikamuuliza, "Kama nisingekuwa na makaratasi, ungekuja leo?"

Alikisogeza kikombe pembeni. Kisha akasema taratibu, "Si nilikuwa nakuoa hata kabla ya hii maneno yote?"

Na ni kweli. Alinichumbia akiwa na kazi yake na viza yake, hahitaji chochote kutoka kwangu. Hilo siwezi kumnyima, na ndilo linaloniua. Nampenda mno. Nikikataa, anarudi kwao mikono mitupu na mama yake atajua ni mimi tena. Nikikubali, nitalala na kuamka na mtu aliyenisamehe kosa la kusema kweli, wakati yeye mwenyewe hadi leo hajaniambia samahani.

Mtakaoniita msaliti, niiteni tu, nimeshazoea. Lakini wewe mwenye dada au binti wa umri wangu, angekuja kukulilia hivi, ungemwambia aende au asiende? Semeni nami kama ndugu yenu. Leo ni Jumatano, na bado sijamjibu.